Mboga ya Pwani: Kuitambua, Kuichuma na Kuiunga kwa Nazi

Ukitafuna jani moja bichi la mboga ya pwani, kinachokujia ulimini mwanzo ni bahari. Jani linakatika kwa mlio mdogo kama tango, maji yanatoka, na maji hayo yana chumvi yake, hakuna aliyeitia. Ndiyo maana kwetu Tanga mtoto anayeanza kutumwa kuichuma huambiwa jambo moja kabla ya mengine yote: mboga hii haitiwi chumvi. Na karibu kila hatua nitakayoieleza hapa, tangu kuchagua mahali pa kuchuma hadi kuepua sufuria, inarudi kwenye chumvi hiyo iliyomo ndani ya jani, na namna ya kuipunguza bila kuipoteza ladha.

Nimeamua kuiandika kwa kirefu kwa sababu naona watu wanaikanyaga. Wanakwenda kuogelea, wanatandika khanga juu yake, wanaondoka, na jioni wananunua fungu la mchicha uliosafirishwa kutoka mbali. Bibi yangu alilisha nyumba nzima kwa majani haya miezi ambayo mfukoni hamkuwa na kitu, na hakuna aliyeondoka mkekani na njaa.

Kwanza tuelewane juu ya jina

Ukisema "mboga za pwani" kule Mombasa au Kilifi, watu wengi wataelewa mchicha, mchunga, mnavu na majani mengine yanayoliwa na wenyeji wa pwani. Mimi nasema mboga ya pwani, mmea mmoja, ule unaotambaa pale nchi kavu inapokutana na maji ya chumvi. Wataalamu wa mimea wanauita Sesuvium portulacastrum, jina alilolipitisha mtaalamu mwenzao Linnaeus mwaka 1759. Hauko kwetu peke yetu. Umezunguka fukwe za nchi za joto karibu dunia nzima, na Ufilipino wanauita dampalit, wakaupenda hata kuna mtaa huko Malabon unaoitwa hivyo hivyo, Dampalit.

Kuitambua

Usiende kuchuma kabla hujaijua kwa macho na kwa vidole. Nenda na mtu anayeijua mara ya kwanza, kisha nenda peke yako uangalie alama hizi.

Shina lake hutambaa chini, laini, nene kidogo kuliko penseli, rangi ya kijani iliyochanganyika na wekundu. Linaweza kufika mita mbili, na kila kifundo kinachogusa mchanga hutoa mizizi, kwa hiyo ukivuta upande mmoja unahisi limeshikwa njia nzima. Majani yamekaa mawili mawili, yakielekeana, kila jozi kwenye kifundo chake. Ni marefu kiasi cha kiungo kimoja au viwili vya kidole, yamejaa maji, yanang'aa, hayana manyoya. Likunje jani moja: linavunjika, halikunjiki. Palipokauka sana, au jua likiwa kali, mmea mzima hugeuka mwekundu.

Ua ndilo litakalokuondolea shaka. Ni dogo, halifiki ukubwa wa kifungo cha shati, na hukaa peke yake kwenye kikonyo kifupi pale jani linapoungana na shina. Lina ncha tano kama nyota. Kwa nje ncha hizo ni za kijani, kwa ndani ni waridi linaloelekea zambarau, na katikati pamejaa nyuzi nyingi nyembamba za rangi hiyo hiyo. Kinachonipendeza ni kwamba ua hufunguka saa chache tu za mchana, kisha linajifunga, na likishajifunga unaona kijani tupu. Ukipita alfajiri unaweza kuapa kwamba mmea huu hautoi maua. Rudi jua likiwa juu, utakuta nyota zimetapakaa na nyuki wako kazini. Likikauka huacha kidonge chenye kifuniko, na ndani mna mbegu ndogo nyeusi zinazong'aa.

Mimea ya kuchanganya nayo ipo. Tako la hasani linafanana nayo sana kwa majani manene na shina jekundu, lakini ua lake ni la njano, halina kikonyo, na lenyewe hupenda mashambani na pembezoni mwa njia kuliko kwenye maji ya chumvi. Hilo nalo huliwa, kwa hiyo ukikosea hapo hujadhurika. Hatari ni mimea yenye utomvu. Kata shina moja ulitazame: mboga ya pwani hutoa maji maangavu. Ukiona maziwa meupe, tupa, nawa mikono, wala usijipanguse macho.

Mahali pa kuchuma

Mboga hii huota nyuma ya mikoko, kwenye lile jangwa la tope gumu ambalo maji hulifikia siku za bamvua tu, bahari inapojaa kupita kiasi, kwenye kingo za majaruba ya chumvi, na juu kidogo ya mstari wa taka zinazoachwa na maji makuu. Huota pia kwenye mchanga mtupu na kwenye nyufa za matumbawe. Ukiikuta imetanda chini ya michu, ambayo ni aina ya mikoko, majani yake huwa ya kijani zaidi na laini, kwa sababu ya kivuli. Mimi huzipenda hizo.

Ila mahali ni jambo la kupima kwa makini, na hapa nawaomba mnisikilize. Mmea huu hunyonya kilichomo kwenye udongo na kukiweka ndani ya majani. Hivyo ndivyo unavyoishi na chumvi: hauikimbii, unaimeza na kuitunza ndani ya jani, ndiyo maana jani limevimba. Tabia hiyo hiyo inaufanya umeze na vingine. Watafiti wa Tunisia wamejaribu kuutumia kusafisha ardhi iliyoingiwa na kadimiamu na risasi, kwa maana unazivuta metali hizo na kuzipeleka juu, kwenye shina na majani. Kwa kusafisha ardhi ni neema. Kwa sufuria yako ni sumu, na kuchemsha hakutakuokoa. Kwa hiyo usichume karibu na gati, gereji, dampo, kiwanda, mfereji wa maji machafu wala mdomo wa mto unaopita katikati ya jiji, hata kama mboga ya hapo imenawiri kuliko zote. Tembea mbele zaidi.

Ukiwa ndani ya eneo la hifadhi, uliza kwanza ofisi ya kijiji au wahusika wa hifadhi. Na mikoko yenyewe usiikate hata tawi ili upite.

Kuchuma

Angalia mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hufika hadi juu na kuyaacha majani yamepakwa tope jembamba linaloshika kama unga. Utakosha mpaka uchoke. Ngoja siku nne tano zipite, maji yawe mafu, au nenda baada ya mvua, majani yakiwa yamekwisha oshwa na Mungu mwenyewe. Mvua ina faida nyingine: mboga ya masika ni laini na chumvi yake ni ya wastani, lakini ya kiangazi ni nene, nyekundu, kali. Zote huliwa, tofauti ni idadi ya maji utakayomwaga.

Chukua pakacha au kikapu, si mfuko wa plastiki uliofungwa, maana majani hujitoa jasho na kuteleza. Chuma ncha tu. Pima kwa kiganja: kutoka nchani hesabu jozi tatu au nne za majani, kata hapo kwa ukucha. Shina likikatika kwa ukucha bila kulazimisha, ni changa. Likikataa, panda juu kidogo. Ua likiwemo si neno, linaingia sufuriani pamoja na majani.

Usivute. Nimewaona watu wakivuta kamba nzima ya mmea na mizizi yake yote, kisha nyumbani wanachambua theluthi na kutupa iliyobaki. Shina lile lilikuwa limeushika mchanga kwenye vifundo kumi na zaidi. Ukiling'oa, mchanga ule unabaki wazi, na bamvua lijalo linaondoka nao. Ukikata ncha, kifundo cha chini hutoa vichipukizi viwili mahali pa kimoja, na baada ya wiki chache unachuma pale pale. Bibi alikuwa na sehemu zake tatu, anazizungukia kwa zamu, na hadi leo mboga iko palepale.

Kwa watu wanne au watano, chuma kiasi cha kilo moja. Itaonekana nyingi, usiogope, inanywea.

Kuchambua na kutokosa

Nyumbani mwaga mboga kwenye ungo, ondoa majani ya njano, vipande vya mashina magumu, na majani ya mikoko yaliyojipenyeza. Kosha kwenye beseni la maji mengi, ukiinua mboga kwa mikono miwili na kuuacha mchanga chini. Usiyamwage maji mboga ikiwa ndani, mchanga utarudi juu yake. Mara tatu hutosha, na kipimo ni kidole: sugua chini ya beseni, pasikwaruze.

Halafu ikatekate, mikato ya urefu wa nusu kidole. Wengine huitokosa nzima na kuikata baadaye. Mimi nakata kwanza, kwa sababu jani lililokatwa hutoa chumvi upesi.

Chemsha maji mengi kwenye sufuria kubwa, yachemke kabisa ndipo utie mboga. Iache dakika kumi bila kufunika. Rangi itapita kutoka kijani cha kung'aa kwenda kijani cha mzeituni, na maji yatageuka. Onja hayo maji kwa ncha ya kijiko. Utajua sasa ulikuwa unataka kula nini. Mwaga yote, chuja, tia maji mapya yaliyokwisha chemka, tokosa tena dakika tano, kisha mwaga. Ikishapoa kidogo ikamue kwa viganja, fumba moja baada ya jingine, kama unavyokamua kisamvu.

Sasa onja mboga yenyewe. Ikiwa chumvi yake ni ile ambayo ungetaka kwenye mchuzi uliokwisha kamilika, bado ni nyingi, maana nazi itaizimua lakini kitoweo kitaiongeza. Itokose kwa maji ya tatu. Unatafuta chumvi ya kusikika kwa mbali. Usifike mahali pa kuimaliza yote, hapo umebakiwa na majani matupu na safari yako ya pwani imepotea.

Nilipoipika peke yangu mara ya kwanza nilitokosa mara moja tu, nikaona inatosha, na mkono ukazoea, nikatia na kijiko cha chumvi kwenye nyanya. Wageni walikuwa wamefika. Chakula kile hakikulika, na nazi mbili zilikwenda na maji. Bibi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ulionja saa ngapi?" Tangu siku hiyo naonja mara nne: maji ya kwanza, mboga iliyokamuliwa, mchuzi kabla ya tui zito, na mwisho kabisa.

Kuunga kwa nazi

Kuna wanaoikaanga kwa kitunguu na mafuta wakaishia hapo, na ni tamu kwa sima. Lakini mboga hii na nazi zilizaliwa pwani moja, na kwangu mimi mapishi yake hasa ni haya.

Zikune nazi mbili. Kamua tui zito kwanza kwa maji kidogo ya vuguvugu, liweke kando. Rudia machicha kwa maji zaidi upate tui jepesi, vikombe viwili hivi. Andaa kitunguu kikubwa kimoja, nyanya mbili zilizoiva, pilipili mbichi moja nzima, na punje chache za kitunguu thaumu. Kitoweo ni hiari yako. Kamba wabichi ndio wanaopatana nayo kuliko vyote, vikombe viwili vya walioondolewa maganda. Uduvi mkavu pia ni mzuri, uoshe na kuukausha kidogo kikaangoni. Ukitumia papa mkavu au ng'onda, mloweke usiku kucha na kumwaga maji, maana naye anakuja na chumvi yake.

Tia tui jepesi sufuriani pamoja na kitunguu, thaumu na nyanya, bandika kwenye moto wa wastani, koroga mpaka nyanya zilainike na kuyeyuka. Tia mboga iliyokamuliwa na pilipili nzima bila kuipasua. Iache ichemke dakika kumi, tui linywee liingie ndani ya majani. Tia kamba, dakika tatu nne, wakishakuwa wekundu na kujikunja wamewiva. Onja. Kisha punguza moto, mimina tui zito, koroga taratibu upande mmoja bila kuacha, na usilifunike, litakatika. Likianza kutoa mapovu madogo pembeni, epua.

Ndimu ikamuliwe mezani, kila mtu kwenye sahani yake. Ukiikamulia sufuriani ikiwa motoni, tui linakatika na mafuta yanaelea. Ukali wa ndimu hufanya kazi ya ajabu hapa: unaifanya chumvi iliyobaki isikike safi, haikwami kooni.

Inaliwa na wali mweupe uliopikwa bila chumvi. Wapo wanaopika wali wa nazi juu ya mboga ya nazi, mimi naona ni nazi mno, lakini sigombani na mtu juu ya chakula chake. Sima ya muhogo nayo inapatana nayo vizuri sana.

Mwenye shinikizo la damu au maradhi ya figo, na aliyekatazwa chumvi na daktari, asiihesabu mboga hii kama majani mengine. Hata baada ya maji mawili bado ina chumvi. Ale kidogo, iliyotokoswa mara tatu, au aiache.

Achari

Wafilipino huitia kwenye siki. Nimejaribu kwa njia ya achari zetu, ikakubali. Chukua ncha changa tu, zitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, zichuje, zikauke kabisa kwenye kitambaa safi. Zipange kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa, pamoja na karoti iliyokatwa njiti, tangawizi, pilipili na thaumu. Chemsha siki na sukari kidogo, imimine ikiwa ya moto mpaka ifunike. Chumvi usitie hapa pia. Iweke kwenye friji, anza kula baada ya siku tatu, na imalize ndani ya wiki mbili au tatu.

Kama dawa

Mabaharia wa zamani wa mataifa mengi walikula majani haya walipofika nchi kavu kutafuta nafuu ya kiseyeye, ule ugonjwa wa fizi kuoza na kutoka damu kwa kukosa vitamini C baada ya miezi ya safari. Hilo lina msingi, kwani majani mabichi yana vitamini hiyo. Kutokosa huipunguza sana, kwa hiyo anayetaka faida hiyo atafune ncha mbili tatu mbichi zilizokoshwa, au achanganye chache kwenye kachumbari asiyoitia chumvi.

Senegali huusifu mmea huu kwa kuzuia damu, na maji yaliyochemshiwa majani yake hutumika kukandia jeraha la mwiba wa samaki mwenye sumu. Sioni ubaya wa kukanda. Ila ukichomwa na taa au samaki mwingine wa sumu, kinachotuliza maumivu ni joto lenyewe: ingiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia bila kuungua, kiasi cha nyuzi 45, uukalishe humo nusu saa hadi saa moja na nusu. Mtu mwenye mguu mzima ayapime maji kwanza, kwa sababu mguu uliochomwa haupimi joto sawasawa. Kisha nenda hospitali. Kipande cha mwiba kikibaki ndani, hakuna jani litakalokitoa.

Maji ya mboga hii kunywa kwa homa au figo, kama wanavyofanya baadhi ya watu, siyashauri. Homa ya pwani huenda ni malaria, inapimwa. Na figo inayouma haihitaji kuongezewa chumvi.

Kuipanda nyumbani

Walio mbali kidogo na maji wanaweza kuwa nayo uani. Kata kipande cha shina chenye vifundo vinne au vitano, urefu wa shibiri, ondoa majani ya chini, ulaze kwenye chungu chenye mchanga uliochanganywa na udongo kidogo, ukifukia vifundo viwili. Weka penye jua la kutosha, mwagia kila mchanga unapokauka juu. Ndani ya wiki mbili kitakuwa kimeshika, jaribu kukivuta kidogo uone kinakataa. Kinaning'inia vizuri kwenye ukingo wa chungu, na maua utayaona mchana ukiwa umekaa barazani.

Maji ya bomba yanakitosha, si lazima ya bahari. Majani yake yatakuwa mapole kuliko ya jangwani kwenye michu, na hapo kutokosa mara moja tu kunatosha.